Riba

Chemba ya wafanyabiashara wa Kaunti ya Marlbeck
hukutana Jumanne, juu ya duka la misumari.
Watu saba, birika moja la kahawa.
Ajenda: vijitabu vya watalii, elfu mbili, vimeshachapwa.
Ukurasa wa tatu, daraja la mbao lenye paa:
*lilijengwa na Jaji Wendell Crouse.*

Odelia Pruitt, mweka hazina, hakugusa kahawa.
Alifungua daftari linalonuka panya:
Ezra Tolliver, fundi, mtu huru,
magogo ya mwaloni mia na kumi.
Ujira dola tisini. Kapewa arubaini.
Halafu wino unakoma.

Jaji, alisema, hata nyundo hakushika.

Mwenyekiti akakohoa: gharama za kuchapa upya…
Kitukuu cha Jaji, muuza matrekta,
akasukuma kikombe kando.
“Dawa ya deni tunaijua sote humu.”
Akaanza kupiga hesabu ya riba.
Akaiacha.

Usiku ule, kalamu saba: futa jina, andika jina.
Kufikia kijitabu cha mia nne
mkono wa Crouse uliandika *Tolliver* bila kutazama.

Katika kumbukumbu za kikao Odelia aliandika:
*Jina limerudishwa.
Hamsini bado.*