Upawa

Babu Reinoldo anasema walikuja kumi na wanane
kwa meli iliyonuka siki na samaki wa chumvi.
Bibi Edeltraud, bila kuondoa macho kwenye viazi anavyomenya:
"Walioshuka ni kumi na saba.
Mmoja alizaliwa njiani, wawili wakatupwa baharini."
Wanabishania vichanga na maiti
kama watu wanaobishania chenji ya dukani.

Nimeweka kinasa sauti katikati ya meza,
kati ya bakuli la siagi na kibuyu cha chai chungu.
Mvua inapiga bati la banda la nguruwe.
Huku kusini mwa Brazili, Juni ndiyo baridi yenyewe,
na jiko la kuni halizimwi hadi Septemba.

"Tulitoka wapi hasa?"
"Hunsrück," asema Babu, akijinyoosha kidogo,
"kulikokuwa na mawe mengi kuliko mkate."
"Tulitoka kwenye deni," asema Bibi.
"Nikolaus alidaiwa na mwenye kinu, akadaiwa na kasisi,
akauza ng'ombe asiye wake, akapanda meli.
Hilo hawakulichonga kaburini."

Babu anakohoa, anaongeza maji ya moto kibuyuni.
Ukoo hauna doa mpaka umwulize aliyeolewa ndani yake.

Na jina. Kwa Nikolaus lilikuwa Schaumlöffel.
Karani wa bandarini aliandika alichosikia,
mwanawe Nikolaus akaandika alichoweza,
nami leo natia sahihi Chamelefe,
neno lisilo na maana kwa Kijerumani wala kwa Kireno.
"Zamani lilikuwa na maana?"
"Upawa," asema Bibi. "Ule wa kuengulia povu."
Anacheka hadi kisu kinamponyoka.
Nilikuja kutafuta simba kwenye ngao;
nimekuta kitu kinachoning'inia juu ya jiko.

Kisha nauliza juu ya vita.
Babu anasimulia kwa mkato: askari wawili, farasi mmoja,
kitabu cha nyimbo cha baba yake ndani ya debe,
debe chini ya mpea.
Walipolifukua baadaye, kutu ilikuwa imelifungua
na mizizi imepita katikati ya nyimbo.

Bibi hasemi. Magoti yake ndiyo yaliyosema zamani,
nikiwa mdogo, nikimwosha miguu:
vishimo vidogovidogo. Punje za mahindi,
alinieleza shangazi Irmgard. Alipigishwa magoti juu yake darasani
kwa kuomba maji kwa lugha ya mama yake.
"Ile lugha nimeisahau," asema Bibi.
"Ilinitoka kama meno ya utotoni."
Mama yangu hakupewa hata neno moja,
nami nikarithi sifuri ileile, haikupungua.

Nilitoka kuchukua kuni. Nilikiacha kinasa sauti.

Usiku, kwenye basi la kurudi Porto Alegre,
najisikia nikifunga mlango.
Kimya. Saa ya ukutani. Babu anakoroma.
Halafu mlango wa nyuma unalia,
na sauti ya Bibi, nyepesi, ya msichana asiyejua mahindi,
inaita, inabembeleza, inamkaripia jogoo,
sentensi ndefu zenye mikono na miguu,
na kuku wanamjibu.

Narudisha nyuma, nasikiliza tena.
Sielewi kitu.
Natoa kalamu, na juu ya tiketi ya basi,
kwa tahajia mbovu, kama yule karani,
naandika ninachosikia.