Nta

Nilipomwandikia Yikii, dereva wa lori la Kampala,
aniletee pikapu, akajibu: "Ya tani ngapi?"
Nikacheka peke yangu ghalani, kati ya magunia ya simsim.
Ndogo, nikamwambia. Sawa na viberiti viwili vikilazwa.
Ndani ina sumaku na waya mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
na kazi yake ni moja: kusikia chuma kikitetemeka.

Maana ile iliyokuja na gitaa imechoka.
Nikiteremsha uzi mnene hadi kule chini
ambako sauti ni nusu muziki, nusu tumbo,
nikifungua mkwaruzo wa ampi mpaka mwisho,
kila kodi inageuka uji.
Na Ayikoru, mpiga ngoma wetu, si mtu wa kubembeleza:
"Uji sitaki. Nipe enyasa,
ile ya muhogo, inayong'ang'ania kidole."

Laki mbili na arobaini elfu.
Msimu mzima wa randa na vumbi la mvule.

Yikii alishusha mbili.
Ya kwanza inakula betri: safi, baridi,
kila noti imepigwa pasi kama shati la wakili.
Lakini betri yenyewe, hapa Arua,
ukiipata imeshazeeka dukani ikisubiri mteja.
Ya pili seramiki, kilo-omu kumi na sita,
inafoka kabla hujagusa uzi.
Niliiazima usiku mmoja. Ilinipendeza, siwezi kuficha;
ilikuwa na hasira niliyoitafuta tangu sekondari.
Ila nikiziba nyuzi kwa kiganja
ilikuwa bado inasema.
Nikisimama, inasema.
"Huyu hana koma wala nukta," Ayikoru akaweka vijiti chini.

Nyuma ya soko yuko Onzima,
anayesuka upya mota za feni na pampu za maji.
Sikumpelekea kazi, nilimpelekea malalamiko.
"Lete hiyo iliyokufa," akasema.
Akaiunganisha, akaigonga kwa ukucha,
na spika ikajibu: ko.
"Unaona? Inasikia hata kucha. Koili zimelegea,
na kilicholegea hulia."

Akazifumua. Akahesabu kwa midomo,
mizunguko elfu tano huku, elfu tano kule,
moja ikienda kinyume na mwenziwe,
ili mvumo wa jenereta ukiingia kulia
ukutane na adui wake kushoto.
"Niongezee," nikamsihi. "Elfu saba. Nataka uzito."
Hakuinua macho.
"Ukimshindilia waya anakuwa kiziwi wa sauti za juu.
Wewe unataka uzito au unataka kelele?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Kisha akaweka sufuria ndani ya sufuria,
akayeyusha nta ya nyuki iliyotoka Maracha,
ingali na miguu miwili mitatu ya wenyewe,
akaizamisha pikapu kwa waya wake.
Mapovu yakapanda, madogo, mengi,
kila moja mluzi ambao hautapigwa.
Kibanda kizima kikanukia asali na risasi ya kulehemu.
"Usiitoe mpaka inyamaze."

Yikii alinuna nilipomrudishia zake.
"Unaacha ya dukani kwa ajili ya nyuki?"
Labda amesema kweli. Ile seramiki
bado naikumbuka, baadhi ya usiku.

Lakini jana, umeme ulipokubali saa moja na nusu,
niliweka kiganja karibu na daraja, nikapiga.
Jiwe. Nikaziba. Jiwe. Nikaziba.
Ayikoru akaingia kwa miguu yote miwili,
na kati ya pigo na pigo palikuwa na nafasi,
nyembamba, nyeusi, kavu,
na ndani yake nikasikia kitu kikimiminika:
gunia la tatu limefumuka mshono kwa mtikisiko,
simsim inashuka sakafuni, punje kwa punje.

Kesho mama Leku atanidai hilo gunia.
Nitalipa. Onzima alichukua elfu thelathini tu.