Betri ya Motere

Basi la Baba lina betri mbili.
Ya nyumba iko chini ya kitanda:
inawasha taa, redio ya Mama,
friji ambayo haijawahi kugandisha hata sambaza mmoja.
Hiyo inakula jua. Bamba liko juu ya paa,
asubuhi nalipangusa vumbi jeusi la makoro
kwa kipande cha kitenge.
Ya pili iko mbele, chini ya kiti cha dereva,
ndani ya sanduku lenye kutu.
Ya motere.
Hiyo inakula safari tu,
na safari, tangu barabara zifungwe, hakuna.

Majirani wa Ndosho wanaijua ile ya kwanza.
Jioni huja na simu zao, faranga mia mbili mbili,
wanasifu: hapa kuna moto hata mji ukilala gizani.
Ya mbele haina wa kuiulizia hali.
Betri ikinyamaza, watu hudhani imeshiba.

Usiku ule mlima ulipopasuka
mbingu ikawa nyekundu kama ndani ya kinywa.
Tulikwishapanda: godoro, sufuria, mbuzi wa jirani.
Baba akazungusha ufunguo.
Basi likasema: tk.
Akazungusha tena.
Tk.
Na taa zote zilikuwa zinawaka, redio inaongea,
tumeketi katika sebule yenye mwanga
isiyoweza kusogea hata hatua.
Tulikwenda Sake kwa miguu.
Baba aliushika ufunguo njia nzima, hakuutia mfukoni.

Moto wa mlima haukutufikia.
Miaka miwili baadaye kifua kilimfikia Baba.
Ufunguo ninao mimi.

Fundi Mbusa wa Birere alikuja na mita,
akagusa nyekundu, akagusa nyeusi, akaguna:
kumi na moja na pointi sita. Huyu ana njaa.
Nikasema, kila Jumamosi naliwasha dakika tano.
Akacheka bila kunicheka.
"Kahindo, unakopa gunia unalipa kikombe.
Kuwasha kunakula kuliko dakika tano zinavyorudisha.
Halafu tazama huyu" —
saa ya dashibodi, vitarakimu vya kijani
ambavyo havijawahi kusema kweli —
"panya. Anatafuna usiku na mchana."

Tuliinyamazisha saa.
Tulisugua vichwa vya betri kwa magadi,
povu la rangi ya samawati likachuruzika hadi kwenye kiatu changu.
Tukaongeza maji ya dukani, chupa yenye kizibo,
si ya ziwa, wala ya mvua yetu inayoshuka na majivu.
Kisha akavuta waya kutoka kitandani hadi mbele,
katikati akafunga mlango wa upande mmoja,
mdogo kama kidole gumba:
nyumba ikishiba, humwagia motere kidogo;
taa haziwezi kurudi kuiba.
"Tone," alisema. "Betri hailishwi kwa ndoo."

Mama hakupenda.
Tone lile ni simu tatu kwa siku, faranga mia sita,
chumvi, na sabuni nusu kipande.
"Unalisha gari lisilokwenda."
Niliosha sahani.
Zilikuwa safi tayari.

Ijumaa hii wingu juu ya mlima lina wekundu wake wa siku zote,
hakuna anayelitazama. Wauza mkaa wanasukuma chukudu nyumbani.
Naingia na tochi, nafungua sanduku,
nyekundu, nyeusi, nasubiri namba itulie.
Sizungushi ufunguo.
Mkono unataka.

Kutoka kitandani, uso ukiwa ukutani, Mama anauliza:
"Ngapi?"
"Kumi na mbili na pointi saba."
Kimya. Nadhani amelala.
"Funika vizuri," anasema. "Mvua inakuja."