Jezi Namba Kumi na Nane

Mimi timu naijua kwa kunusa.
Mwaka wa kumi na tisa huu, chumba kile kile chini ya jukwaa,
mashine tatu, moja mbovu tangu Pasaka.
Huko nje Limoges wanachoma kauri, vikombe vya kuvunjika;
mimi nafua nguo za watu wasiovunjika.
Ndivyo tunavyowaambia.

Peyo Etchart alishuka garimoshi Julai,
naye ana miaka kumi na tisa, shingo kama kisiki,
begi moja, na jibini ya kondoo iliyoviringwa gazetini.
Mama yake, mshona viatu vya kamba kule Mauléon,
alimwagiza ampe yeyote mwenye ufunguo.
Mwenye ufunguo nilikuwa mimi.
Niliila hadi Septemba.

Nafasi yake huku tunaiita nguzo.
Nguzo ya kulia, kazi yake kuinama
abebe mgongoni uzito wa wanaume saba
na usoni uzito wa wanane wengine.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Aliinama asubuhi, aliinama jioni,
mvunguni hamkuwa na kitu.

Mshahara wa kwanza alikuja kuniuliza
mashine ipi ya kufulia haiharibiki,
anataka kumpelekea mama.
Nilimtajia moja. Nilidanganya. Zote huharibika.

Kisha zikaja Jumamosi.
Benchi, koti refu, joto la mapajani linapotea polepole,
kocha anageuka, anamtazama, anamwita mwingine.
Usiku nakuta jezi zimetupwa sakafuni,
ya Tevita Halafihi, anayelala naye chumba kimoja,
ina majani, damu, na alama ya meno ya mtu begani.
Na juu ya meza, peke yake, namba kumi na nane
imekunjwa, mikono ndani, kola juu,
kama nguo ya kurudishiwa jirani.
Safi, kavu, inanukia sabuni yangu mwenyewe.

Jumamosi sita.
Niliifua mara sita.
Jezi iliyokaa na hofu dakika themanini
nayo imevaliwa.

Novemba, mvua ya ubavu.
Mechi siioni, naisikia darini.
Dakika ya sabini na moja, mtu kaumia ndama ya mguu,
spika ikatamka jina lake, ikalikosea.
Kabla ya skramu jukwaa hunyamaza.
Chuchumaa. Shika. Ingia.
Filimbi. Adhabu. Miguu ya watu haikutikisika.
Skramu ya pili, filimbi, na safari hii wakazomea,
watu wetu, watu ninaowajua, muuza nyama, mke wa daktari.
Nilisimama na shuka mkononi.
Ya tatu ikakawia.
Ikakawia mpaka nikasikia mashine ikimaliza kuzunguka,
halafu dari yote ikapiga kelele kwa visigino,
vumbi likanishukia juu ya taulo nyeupe
na sikuwa na ubavu wa kukasirika.

Usiku nilitazama meza kwanza.
Meza tupu.
Namba kumi na nane ilikuwa sakafuni na wenzake,
ndani nje, mkono mmoja umejisokota,
tope kifuani, damu ya sikio kwenye kola,
na mgongoni vidole vitano vya Mgeorgia fulani
aliyemshika kama mtu anayeshika mlango.
Kutoka bafuni nilimsikia akicheka.
Kicheko kile sikukijua.

Niliiokota. Damu hutaka maji baridi.
Nilisugua kwa mkono, sikuiamini mashine.

Jumatatu alipita, sikio limefura kama andazi,
akasimama mlangoni, akauliza kama doa lilitoka.
Nikamwambia limetoka lote.
Akaitikia kwa kichwa, akashukuru,
akaondoka na uso wa mtu aliyeibiwa.