Kengele Iliyoanguka

Mnara ulipopasuka, kengele ilishuka
ikazama nusu kwenye tope la uani.
Baridi ya tatu hii, bado tunalala kontenani,
na barua toka Yerevani inasema: subirini.

Kila Jumapili Vartush huja na ufagio,
huipangusa kengele theluji kama amwoshaye mtoto uso,
kisha huigonga kwa upawa wa supu.
Haivumi. Inalia kama sufuria.

Mimi nilishaacha kuomba; nilikwenda kumcheka.
"Bwana alizaliwa zizini," akanijibu,
"hakungoja nyumba ikamilike."
Akanipa upawa.

Nikagonga.
Mlango mmoja ukafunguka, halafu wa Hrant kiwete,
anakuja na mshumaa,
na kiti chake mwenyewe kichwani.