Kitako

Neno lenyewe liliwachekesha.
"Kitako, mwalimu?" Nikasema ndiyo, kitako:
kile kinachobaki chini mkubwa akishaondoka.
Darasa likaangua kicheko, nami nikaliacha,
maana kipindi cha historia baada ya githeri
huanza kwa kicheko au hakianzi kabisa.

Tukatoka, kidato cha pili, arobaini na watatu,
tukakizunguka pale nyuma ya maabara, Ngara:
jiwe la kijivu, kidato kimoja cha simenti,
matundu manne ya boliti yamejaa maji ya mvua.
Hapa alisimama gavana wa shaba, niliwaambia,
mkono kiunoni, macho yakiutazama mto
kana kwamba mto umechelewa kumlipa kodi.
Mwaka wa uhuru aliteremshwa kwa kamba.
Wapo wasemao amelala stoo ya jiji, chali, chini ya madawati;
wapo wasemao aliyeyushwa Gikomba akawa sufuria.
"Basi tushasonga ugali ndani ya gavana," akasema Wekhomo.
Sikumsahihisha kuhusu shaba na alumini.

Sasa kamati ya shule inataka kitako kitumike.
Mheshimiwa ameahidi simenti, rangi na ua la chuma,
na picha ya uso wake, ubavu wa kushoto,
imeshafika kwa fundi.
Nikawapa kazi, ukurasa mmoja:
nani asimame hapa, na kwa nini?

Hetal aliandika kwa wino wa zambarau
kwamba babu wa babu yake alichanga rupia mia
ili gavana yule asimame. Risiti ipo,
ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa.
"Sijui kama ni aibu au ni urithi.
Nyanya halifungui kopo mbele ya wageni."

Sebit wa Kibra aliandika mistari mitatu tu.
Babu yangu mkuu aliilinda sanamu hii usiku, bunduki begani.
Aliyelindwa ana kitako hadi leo.
Mlinzi hana hata hati ya kiwanja.

Mumbua hakuandika kitu.
Alikuja Jumamosi na nyanyake, Kavindu,
mwanamke wa miaka themanini na mitatu, sweta ya kijani,
aliyekipapasa kitako kwa kiganja, polepole,
kama mtu atafutaye swichi gizani.
"Nilimwosha kila Ijumaa," alisema.
"Mavi ya njiwa, kwa mchanga na ndimu.
Masikio yake niliyajua kuliko ya mume wangu.
Siku walipomshusha nilipiga vigelegele
hadi sauti ikakauka.
Jumatatu nikakumbuka sina kazi."

Nilikuwa nimeandaa safu mbili ubaoni,
KUBOMOA, KUHIFADHI,
kwa herufi kubwa, kwa chaki mpya.
Nilirudi darasani nikazifuta kwa kiwiko.

Niliporejea, ajuza alikuwa ameomba ndoo.
Mumbua anasugua kwa brashi ya choo,
upande wa mashariki, kwenye ukungu mweusi,
na chini kabisa, karibu na nyasi,
ikatokea alama ya kidole gumba,
imebonyezwa kabla simenti haijakauka.
Kavindu aliinama, akavaa miwani, akavua.
"Huyu," akasema, "simjui."

Jumanne kamati ilikutana.
Nilipewa dakika mbili, baada ya ajenda ya vyoo.
Nikasema tukiache kama kilivyo, kitupu,
tuwalete watoto hapa kila mwaka wakibishane.
Mweka hazina akainua kalamu:
"Na huo utupu, mwalimu, tuuandike kwa shilingi ngapi?"

Fundi anakuja mwezi ujao.

Leo mapumzikoni nimewaona wamepanga foleni,
wanachuchumaa mmoja mmoja, wanapima kidole gumba.
Cha Wekhomo hakiingii.
Cha Hetal kinapwaya.
Kengele imelia, na Sebit bado amechuchumaa,
kidole ndani ya simenti,
anawaambia wengine wangoje kidogo.