Tangazo la Nne

Nilikuwa nasoma vifo, saa mbili na nusu usiku,
baada ya bei ya maharage, kabla ya sala.
Matatu nilikwisha kuyamaliza. La nne lilikuwa fupi:
"Familia Cishugi, ya Cimpunda, inawajulisha ndugu walioko Idjwi
kwamba mama yao Nsimire amefariki, na atazikwa..."

Hapo taa nyekundu mbele yangu ikazimika.
Niliendelea. Mtu wa redio haachi sentensi njiani.
Nilisoma siku, saa, jina la padri,
nikalisomea godoro la ukutani.

Zihindula aliingia bila hodi, nyusi zimeungua.
"Toka. Unapanda."
Sikuuliza nini kinapanda.

Jenereta ilikuwa imetema mazutu, mazutu yakakutana na cheche,
na moto ukauona ule waya mnene unaobeba sauti zetu,
ukaushika, ukaenda nao juu.
Plastiki ilidondoka tone kwa tone, kila tone na mwali wake.
Mnara, mita tisini na mbili, ukawa mwekundu kwa ndani
kama koo lililovimba.
Kutoka Nguba hadi Panzi walituona.
Miaka kumi na minne walikuwa wakitusikia tu.

Mvua ilikuwapo. Haikuzima kitu.
Yenyewe ilikuwa na kazi chini.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.
Nimezikagua kamba zile za chuma kwa mikono yangu:
hakuna iliyokatika.
Kilichoachia ni kilima.
Nanga ya mashariki ilipozikwa, palikuwa na mikaratusi.
Mikaratusi ikawa makala, pengo likawa nyumba,
kila nyumba ikachimba kidogo, choo huku, ngazi kule,
na mama Nabintu akaanika nepi za mapacha kwenye kamba yetu,
kwa kuwa mtaani hapakuwa na kamba nyingine isiyolegea.
Ndiye aliyepanda kutuambia, mwezi wa tatu:
"Kamba yenu zamani iliimba nyembamba.
Siku hizi inaimba nzito, kama mtu aliyeshiba."
Zihindula akaandika barua.
Barua ikapigwa muhuri.

Ulianguka polepole, mwanzoni.
Nanga ikachomoka na donge lake la zege,
ikapita juu ya mabati ikivuta kamba,
na nepi moja ingali imebanwa.
Mnara ukapiga goti katikati,
ukafikiri,
halafu ukalala juu ya studio yote.
Hakuna mtu aliyekufa. Mbuzi wawili.
Nalisema hili waziwazi, maana mjini walisema watu arobaini
na sisi hatukuwa na pa kusahihishia.

Usiku ule betri ziliisha madukani Kadutu.
Watu walidhani ni betri.
Waliziuma, waliziota kando ya mbabula,
waliipiga redio mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Asubuhi nilipanda boti ya Idjwi, shati linanuka plastiki,
karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne.
Abiria waliniuliza habari za mnara.
Niliwaambia mimi si msemaji, ni msomaji.

Bisimwa, mwana wa marehemu, alikuwa uani,
redio mapajani, inakoroma.
Nilisalimia. Akanijua kwa sauti kabla hajainua macho.
"Uliishia kwenye 'atazikwa'," akasema.
"Tumeketi hapo tangu jana."

Nikaikunjua karatasi. Nikasoma:
leo Jumatano, saa nne asubuhi.
Jua lilikuwa limekwisha kuvuka paa. Ilikuwa saa nane.

Hakulia. Wala hakunilaumu, ingawa nilisimama
nikingoja kulaumiwa.
Aliinama, akaizima redio,
akaniomba nisome tena tangu mwanzo,
wale watatu wengine pia,
na bei ya maharage.